Rafiki wa Familia, kwa Ufupi

Kama unataka kujua adabu za kufa, usiniulize mimi. Nimezika watu tangu nikiwa msichana, na bado sijaona hata mmoja aliyelifanya jambo lile kwa ustaarabu. Wengine hufa wakati wa kupalilia, tunaacha majembe shambani na magugu yanashukuru. Wengine huwaita watoto wote kutoka Harare na Johannesburg, watoto wanafika wanalia, mgonjwa anafumbua jicho, anaomba uji, anapona, anaishi miaka mingine kumi bila hata chembe ya aibu. Na Shumba, ambaye ndiye nataka kumsema leo, alikufa katikati ya ubishi, tena ilipokuwa zamu yake ya kujibu. Huo ndio ustaarabu wa wanaume wa Buhera.

Mimi ni Muchaneta. Maana yake ni "mtachoka," na kweli wamechoka. Lakini hapa hakuna anayeniita hivyo. Mwanamke wa ukoo wetu, ukoo wa pofu, yule mnyama wa porini mwenye pembe, huitwa Chihera, na wanaume wa koo nyingine huonyana wakiwa vijana: ukioa Chihera, umejiolea hakimu. Shumba naye alikuwa wa ukoo wa simba, na ndiyo maana ya jina hilo. Jina alilopewa na baba yake ni Tichafa, yaani "tutakufa," kwa sababu watoto wawili waliomtangulia walizikwa wachanga na mzee akaona bora aseme mapema. Tutakufa huyo akala chumvi mpaka akapita themanini, meno yakamwacha, nywele zikamwacha, yeye yupo tu.

Kati ya ukoo wake na wangu kuna utani. Si ule wa kutaniana sokoni ukasahau. Huu ni utani wa kuzikana. Akifa mtu wa kwao, mmoja wetu anavaa kofia ya marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, na anasema mbele ya kadamnasi yale ambayo wengine wanayanong'ona: kwamba marehemu alikuwa bahili, kwamba aliwahi kumkimbia mbuzi wake mwenyewe akidhani chui. Waliofiwa wanacheka huku machozi yanawatiririka, na mzigo unapungua. Akifa mtu wa kwetu, wao wanafanya vivyo hivyo. Sharti ni moja: mtani halii. Mtani akilia, nani atawachekesha wenzake? Baba yangu aliifanya kazi hiyo, kaka zangu wakaifanya, wakaondoka mmoja mmoja, na mwisho ikaniangukia mimi mwanamke. Wazee walinung'unika. Nikawaambia anayepinga afe kwanza, nimwonyeshe kama siwezi. Hakupinga mtu.

Basi Shumba alikuwa mtani wangu na mimi mtani wake. Alimzika mume wangu kwa kejeli nzuri sana, mpaka leo nikizikumbuka nacheka peke yangu njiani. Lakini koo zetu zimepukutika. Kwao aliyebaki anaijua kazi ni Shumba peke yake, na kwetu ni mimi. Ukikaa ukafikiri unaona mara moja balaa iko wapi. Atakayetangulia atazikwa kwa raha zake, na mtu wa kumsema. Atakayebaki atazikwa na watu wa heshima. Mungu apishe mbali!

Hicho ndicho tulichogombania miaka yetu yote ya uzee, kwenye ukuta wa jiko la nyumbani kwa Shumba. Asubuhi za baridi tulikaa upande wa mashariki, jua likisogea nasi tunasogeza vigoda, jioni tuko upande wa pili. Ndiyo safari tuliyobaki nayo, kuuzunguka ukuta.

"Chihera," ananiambia, "leo nimeamka kifua kinanibana. Nadhani ndiyo yenyewe."

"Ndiyo viazi vitamu ulivyofakamia jana. Hiyo gesi."

"Una wivu wewe."

"Tena sana! Mimi nina goti tu. Nani alishakufa kwa goti? Mungu ananifanyia mzaha."

"Subiri zamu yako. Mimi ni mkubwa kwako."

"Mkubwa kwa mvua moja! Tena mvua yenyewe ilikuwa ya ukame."

Utu uzima dawa, watu husema. Dawa ya nini, hawasemi. Mtu akishazeeka, siku na mwaka vinabadilishana tabia. Siku haiishi: unaamka, unasali, unatafuta meno, unakunywa chai, unatazama jua, na jua halijatoka hata juu ya zizi. Lakini mwaka! Ukigeuka kupenga kamasi, umekwisha. Shumba alikuwa akisema vita vya kuwafukuza wazungu vilikuwa juzi, na huku mjukuu wake ana ndevu. Mimi nayakumbuka maneno yote aliyoniambia shangazi siku ya kuolewa, lakini nikiingia jikoni nasimama katikati nauuliza moyo wangu, mama, tumefuata nini humu? Na simu ndiyo usiseme. Majina yaliyomo karibu yote ni ya marehemu. Nikimpigia mtu akapokea, nashtuka.

Mke wa Shumba alikuwa MaMoyo, mama wa kanisa, blauzi nyekundu na kofia nyeupe kila Alhamisi. Mwanamke wa maneno machache. Niliingia jikoni kwake bila hodi, nikafunua chungu, nikaonja mboga yake ya karanga, nikasema, "MaMoyo, hii umepikia wagonjwa?" Yeye anajibu, "Asante, Chihera," anaendelea kusonga ugali. Hakuwahi kucheka utani wangu hata siku moja. Nilimwambia mumewe, umeoa ukuta. Akanijibu kwamba ukuta ndio unaoshikilia nyumba, na nikamwambia hilo ni neno la mwanamume anayeogopa kunyimwa chakula.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya kukata masikio, na tulikuwa tunabishana juu ya dume la ng'ombe la baba yake, lile lililosombwa na mto. Shumba alishikilia kwamba lilisombwa baada ya daraja kujengwa. Nikamwambia, "Shumba, tumia akili. Kama daraja lilikuwapo, ng'ombe alikwenda mtoni kufanya nini? Kuogelea?" Akanyamaza. Nikasema, "Umeona? Huna jibu." Kimya. Nikamwambia ukoo mzima wa simba hauna kumbukumbu, kwamba baba yake alilisahau jina la mke wake wa pili siku ile ile anamuoa. Kimya. Basi hapo nikapata moto. Nikamshukia yeye, nikamshukia babu yake, nikalishukia na lile dume. Nilitukana mpaka jua likahama ukutani, na kwa mara ya kwanza maishani hakusogeza kigoda chake. MaMoyo akatoka jikoni na togwa. Akamtazama mumewe. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Chihera," akasema, "nyamaza sasa."

Hivyo ndivyo nilivyoshinda ubishi na Shumba. Miaka yote ya kubishana sikuwahi kumshinda, na siku niliyomshinda ameshajiendea zake, ananiachia ushindi kama mtu anayemwachia mwenzake vyombo vichafu. Hasira niliyokuwa nayo! Tulikuwa tumegombea zamu, na amenikata njiani bila hata kuaga. Sikulia. Mtani halii. Nilikwenda nyuma ya ghala kutafuta kuni, maana matanga yanahitaji kuni, na niliporudi nikachukua koti lake na kofia yake kwenye msumari kabla binamu zake hawajafika kuvigawana. MaMoyo aliniona.

Maiti ikapelekwa chumba cha baridi kumsubiri Garikai, mtoto wao aliye Uingereza. Kazi ya Garikai huko ni kutunza wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawauliza wamelalaje. Wazee wa watu, lakini. Wa kwake aliwaona kwenye simu kila Jumapili, na mtandao ukiwa na huruma aliwaona mpaka na nyuso. Si mtoto mbaya, simsemi vibaya. Namsema tu.

Akaja, akalia kwa mama yake, akafuta machozi, akageuka kuwa bwana mipango. Likaja turubai jeupe kutoka Harare. Vikaja viti vilivyovalishwa magauni. Akaja mtu wa suti wa kuendesha shughuli, ambaye hakuwahi kumwona Shumba hata kwa mbali, na ndiye aliyepewa kutueleza Shumba alikuwa nani. Likaja zulia la nyasi za plastiki la kufunika udongo uliotoka kaburini ili waombolezaji wasiuone, kana kwamba Buhera kuna mtu hajawahi kuona udongo. Na kila kitu kilipangiwa wakati wake. Mchungaji ana wakati wake, kwaya ina wakati wake, chama cha wakulima kina wakati wake. Mimi niliwekwa karibu na mwisho, baada ya kampuni ya turubai kushukuriwa. "Rafiki wa familia, kwa ufupi."

Kwa ufupi! Nimekuwa nikimtukana mtu huyu tangu tukichunga mbuzi.

Jioni ya kuamkia maziko Garikai akanijia. Akachuchumaa, akapiga makofi ya salamu viganja vikiwa vimekunjwa vizuri, kama alivyofundishwa utotoni. Hapo nikamsifu moyoni.

"Mama," akasema, "pole kwa msiba."

"Pole na wewe, mwanangu."

"Mama, nina ombi. Kesho maziko yataonyeshwa moja kwa moja kwenye simu. Wenzangu wa kazini watatazama, na mkubwa wangu pia. Yale mambo ya... ya kumwigiza marehemu, hawatayaelewa. Watafikiri tunamdhihaki. Na Baba alikuwa mtu wa heshima."

"Nani kakwambia?"

"Mama, tafadhali."

"Nakuuliza kwa wema. Heshima ya baba yako ulikutana nayo wapi? Mimi nimekaa naye siku zote na sikuwahi kuiona."

Akainama. Nikaona utosi wake, umeanza upara ule ule wa baba yake, mahali pale pale, na moyo ukaniuma. "Sema maneno mawili matatu mazuri," akasema. "Hata hivyo wakati wenyewe ni mdogo."

"Nimekusikia, mwanangu."

Akashukuru, akaenda zake. Kusikia si kukubali, lakini hayo huko Uingereza hawafundishwi.

Kesho yake watu wakajaa. Mtu wa suti akatueleza kwamba Shumba alikuwa nguzo ya jamii, mpenda maendeleo, mtu wa watu. Wazee wakatazamana, wakidhani labda kuna maiti mbili. Kisha akasema, "Na sasa tumsikie rafiki wa familia, kwa ufupi kabisa."

Nikatokea nyuma ya turubai na koti la Shumba linaloniburuta, vifungo vimefungwa kombokombo kama alivyozoea, kofia imeniziba nyusi. Nikatembea mwendo wake, ule wa kuku aliyekanyaga tope. Nikasimama mbele ya jeneza nikakohoa kikohozi chake, kile kirefu kinachokwenda, kinapumzika, kinarudi. Mzee mmoja kwenye viti vya nyuma akaachia, "Yuyo huyo!" na vicheko vikaanza.

"Ndugu zangu," nikasema kwa sauti ya puani, "nimekuja kuwaaga. Najua niliwaaga Pasaka. Najua niliwaaga na Krismasi, na kwenye mavuno mchungaji akaniomba niache kuaga kwa sababu watu wamechoka kunichangia maombi. Lakini leo nina uhakika!"

Turubai zima likatikisika. Wanawake waliokuwa wanalia wakashikana mabega wakicheka. Nikatafuta miwani kila mfuko, nikamshtaki mjukuu kwa wizi, nikaikuta juu ya kofia. Nikamlalamikia Mungu kwamba alimchelewesha Shumba makusudi ili aone bei ya mbolea. Garikai aliigeuza simu ikaangalia juu, na Waingereza wakatazama mawingu ya Buhera kwa muda mrefu. Lakini nilimwona, mdomo umembana, mabega yanamcheza. Mtoto alikuwa anacheka. MaMoyo peke yake hakucheka. Alikaa mkekani amefunikwa shuka kichwani, akina mama wa kanisa wamemzunguka, maana mjane hasemi wala hainui uso mpaka mumewe afunikwe.

Tukaenda makaburini, na huko nilikuwa na kazi moja iliyobaki. Kwetu, kabla marehemu hajashushwa, mtani anaingia kaburini. Analala humo, anaonja kitanda, anakuta ni chembamba, kina mawe, hakimfai mtu wa maana. Anagoma kutoka mpaka ukoo wa marehemu umpe kuku. Si kuku mwenyewe anayetakiwa. Kinachotakiwa ni ule ugomvi. Wanamtukana, anawatukana, kuku analetwa, anamkataa kwa kuwa ni njiwa aliyevimba, shangazi wanakuja juu, na humo ndani ya matusi watu wanalizoea lile shimo. Wanaliona limelaliwa na mtu anayecheka. Shumba alipomzika kaka yangu mkubwa alikataa kuku watatu.

Vijana wawili wachimbaji wakanishika makwapa kunishusha. Mmoja akaniuliza, "Bibi, utaweza kweli?"

"Humu kila mtu anaweza kushuka, mwanangu," nikamwambia. "Hata wavivu."

Nikalala chali. Nikapaza sauti: "Hapa pana jiwe! Mtani wangu alikuwa na mgongo mbovu, mnamlaza kwenye jiwe, nyie ni watu gani? Sitoki! Nataka kuku!"

Nikasubiri matusi. Nikasikia mtu wa suti anasema, "Mpeni huyo kuku, mpeni, tumeshachelewa."

Na Garikai, kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, utapata. Hata wawili. Naomba utoke."

Wawili! Hata kubisha hakubisha. Nikamtukana ili nimchokoze, nikamwambia ukoo wa simba umebaki paka. Akasema, "Sawa, Mama." Hakuna aliyenijibu. Wa kunijibu alikuwa kwenye sanduku pale juu, kwenye mashine ya kushushia jeneza, ya vyuma vinavyong'aa.

Basi nikabaki nimelala. Na nitasema kweli, maana kusema kweli ndiyo kazi yangu. Palikuwa pazuri. Udongo wa chini una ubaridi fulani, na goti langu ambalo lilikuwa halijanyamaza tangu mvua za mwaka juzi, likanyamaza. Nikaona kipande cha mbingu. Nikafikiri siku yangu. Nitapitishwa kwenye lile zulia la uongo. Mtu wa suti atalisoma jina langu vibaya, atasema nilikuwa mtu wa watu, watakula wali na kuku, watakunja turubai. Mtu wa watu! Mimi! Niliogopa, na si kufa nilikokuogopa, maana kufa tumeshazoeana. Niliogopa kuzikwa mwanamke mwingine, mpole, mwenye tabia njema, na mimi mwenyewe nisitajwe na mtu hata mara moja.

"Fukieni," nikasema.

Watu wakacheka.

"Nimesema fukieni. Mshusheni Shumba, mlazeni hapa juu yangu, mfukie mara moja. Bwana wa suti ataokoa na wakati wake."

Wakacheka wachache. Vijana wakanyoosha mikono. Nikaikunja yangu kifuani. Vicheko vikakatika, na nikasikia mtu ananong'ona, "Bibi hatanii." Garikai akapiga magoti ukingoni na suruali yake nzuri, akaniita Mama, Mama, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Mchungaji akaanza kuomba. Nikamwambia aokoe pumzi. Sikuwa na nia ya kumtisha mtu. Nilikuwa nimechoka tu, na nilikuwa nimeshalala, na sikuona nikiinuka naenda kwa nani.

Ndipo nikaona kivuli. Uso ukatokeza juu ya shimo, shuka limeshushwa mabegani, na nyuma yake akina mama wa kanisa wanasema, "Hapana, MaMoyo, si vizuri, rudi ukae."

"Chihera," akasema.

"MaMoyo."

"Toka kitandani kwa mume wangu."

Hata kwaya iliacha kupumua. Nikadhani masikio yamenifanyia ujinga.

"Unasemaje?"

"Umenisikia. Mchana wote ulikuwa wako, pale ukutani, mkicheka mpaka mate yanawadondoka. Jioni ananirudia amechoka kucheka, ananipa mgongo, anakoroma. Nikasema sawa, ni utani, wacha Chihera ale mchana. Sasa na usiku wangu unautaka? Huna haya wewe mwanamke?"

"MaMoyo! Wewe ni mama wa kanisa!"

"Kanisani nitarudi Jumapili. Tena ona ulivyojilaza, mtu mzima, umejipanga kama bibi harusi! Na vifungo vya hilo koti umevifunga ovyo."

"Ndivyo alivyokuwa anavifunga yeye," nikasema.

"Alivifunga hivyo kwa sababu mikono ilikuwa inamtetemeka. Kila asubuhi nilivifungua nikamfunga upya, akifika kwako ameshavichokonoa tena. Hilo hukulijua. Wewe unayejua kila kitu cha watu."

Nikavipapasa vile vifungo kifuani, kimoja kimoja.

"Na lingine hili, nalisema mbele za watu kwa sababu wewe hutalisema. Siku aliyokufa ulikwenda nyuma ya ghala. Nilikufuata. Ulikuwa umejiziba mdomo kwa kitenge, unalia kama ndama. Mtani gani huyo?"

"Nilikwenda kutafuta kuni!"

"Ulirudi nazo ngapi?"

Wakalipuka. Nilisikia kicheko cha Garikai juu ya vyote, kicheko cha baba yake, kile cha kupiga kelele kama punda. Mtu wa suti mwenyewe akacheka. Mimi nikaangalia juu, na yule mwanamke hakucheka hata kidogo, uso umemkauka kama siku zote. Ndipo nikafahamu kwamba ni mchekeshaji mkubwa kuliko sisi sote.

"Sasa nisikilize," akasema, na sauti ikashuka ikawa yetu wawili, ingawa wote walisikia. "Leo ni siku ya mume wangu. Wewe hukualikwa. Siku yako ikifika nitakuja mimi. Nitavaa hicho kilemba chako kinachonuka ugoro. Nitachechemea na goti lako. Nitawaambia watu wote ulivyokuwa, mlafi, mchokozi, mwongo wa kuni. Ulidhani jikoni mle nilikuwa nasonga ugali tu? Nilikuwa nasikiliza. Ninayo maneno yako yote, hata yale uliyoyasahau."

"Haiwezekani," nikasema. "Utani si wa wajane. Tena wewe ni wa ukoo wa Moyo, si wa simba."

"Nenda kanishtaki."

"Na ukitangulia wewe?"

"Mimi nakula mboga, nalala mapema, na sina mdomo. Nitakuzika, Chihera. Tulia."

Hapo nililia. Nililia chali, waziwazi, machozi yananiingia masikioni, mbele ya Buhera nzima, na mbele ya Uingereza pia kama ile simu ilikuwa imeshageuzwa. Hakuna aliyenikanya.

"Na kuku wangu?" nikauliza nilipopata pumzi.

"Hupati."

Nikanyoosha mikono juu. "Nivuteni," nikawaambia wale vijana, "kabla huyu mwanamke hajayamaliza yote nikiwa hai."